Miche Inayokufa Mvua Ikinyesha

Watu wa mikoa mikavu hupenda kumwambia mkulima wa Rungwe kwamba yeye hana shida. Achomeke fimbo tu, itachipua. Maneno hayo yana ukweli wake. Tukuyu na vijiji vinavyoizunguka hupata mvua inayozidi milimita 2,000 kwa mwaka, udongo ni wa volkano, na kuanzia Novemba hadi Mei ni nadra wiki kupita bila kunyesha. Hata hivyo, katikati ya neema hiyo, miche ya parachichi, ya miti ya mbao na hata ya chai hupandwa ikiwa hai na kukutwa imekauka. Lawama hupelekwa kwa jua, kwa mchwa, au kwa aliyeiuza.

Sisi tunaamini kwamba sehemu kubwa ya vifo hivyo hutokea mikononi mwa wapandaji wenyewe, siku ile ile ya kupanda. Hali hiyo ndiyo mshtuko wa kuhamishwa, na asili yake si ngumu kueleweka. Mche haunywi maji kwa mizizi minene tunayoiona. Hunywa kwa vinyweleo vyembamba vilivyo karibu na ncha za mizizi, ambavyo hukauka upesi vikiachwa hewani. Kiriba kikipasuka ovyo au mche uking'olewa, vinyweleo hivyo hukatika. Majani huendelea kupoteza maji kama yalivyofanya jana, ilhali huku chini hakuna cha kuyafidia. Ndipo mche unaponyauka ukiwa umesimama katika udongo uliolowa.

Wazee wa wilaya hii wanaijua hesabu hiyo bila kusoma kitabu. Anayepanda chipukizi la mgomba hulipunguza majani kwanza, kwa kuwa amelitenga na mama yake likiwa na mizizi michache. Inashangaza basi kumwona mkulima huyo huyo, afikapo kwenye kitalu cha parachichi, akichagua mche mrefu kuliko yote, wenye majani mapana juu ya kiriba kidogo, akidhani amepata ulio bora. Mche wa namna hiyo ni deni. Afadhali mfupi, wenye shina nene na majani ya nchani yaliyokwisha kukomaa. Parachichi ya Hass iliyobebeshwa hununuliwa kwa fedha taslimu na kungojewa kwa miaka kama 3 kabla ya tunda la kwanza. Familia inayoipoteza hupoteza fedha pamoja na miaka.

Wenye vitalu nao wana wajibu. Mche uliokaa kivulini na kunyweshwa asubuhi na jioni hadi siku ya kuuzwa haujui upepo wala jua. Katika wiki 3 au 4 za mwisho kivuli hakina budi kupunguzwa kidogo kidogo, maji yapunguzwe, na viriba viinuliwe mara kwa mara ili mizizi iliyopenya ardhini ikatwe mapema na mche upate muda wa kuotesha mingine ndani ya kiriba. Asiyefanya hivyo huikata yote kwa pamoja siku ya kupakia. Miche ikisafirishwa, ifunikwe kwa turubai, maana upepo wa gari lililo wazi huyakausha majani, na ibebwe kwa kiriba, kamwe si kwa shina.

Shambani, shimo liwe limechimbwa siku nyingi kabla, na samadi iwe imeiva. Samadi mbichi na mbolea ya chumvichumvi inayogusa mizizi huiunguza. Wapo wanaopanda mche pamoja na nailoni yake, wakisema itaoza. Haiozi. Mizizi huzunguka humo kama kamba, na mti huanguka baada ya miaka michache. Nailoni ichanwe taratibu na kuondolewa, donge la udongo likiwa zima, na mizizi iliyojiviringisha chini ikatwe kwa kisu kikali. Mche ukae kwa kina kile kile ulichokuwa nacho kitaluni, mahali pa kubebeshea pakiwa juu ya ardhi, udongo ushindiliwe kwa kiasi ili usibaki na mianya ya hewa, kisha mche umwagiliwe maji hata kama mawingu yametanda. Matandazo yawekwe, lakini yasiguse shina. Parachichi pia haivumilii maji yaliyotuama, kwani mizizi yake huoza. Penye tambarare ipandwe juu ya tuta.

Kuhusu wakati, jioni au siku ya mawingu ni bora kuliko mchana wa jua. Mche uliopandwa Desemba una miezi 5 hivi ya kushika ardhi kabla ya baridi na ukavu wa Juni hadi Agosti. Ule wa Siku ya Taifa ya Kupanda Miti, tarehe 1 Aprili, una kama miezi 2 tu. Hatusemi siku hiyo iachwe. Tunasema kwamba huku kwetu ingefaa zaidi kujazia mapengo ya miche ya Desemba.

Hapa hatuna budi kuwasema viongozi. Tangu kampeni ya Misitu ni Mali ya mwaka 1980 wananchi wamehimizwa sana kupanda, na baadaye kila halmashauri ikaagizwa ipande miti 1,500,000 kwa mwaka. Katika sherehe nyingi miche hupangwa juani tangu asubuhi, viriba vikiwa vimekwisha kuchanwa ili mgeni rasmi asichafuke mikono, kisha huanza hotuba. Saa mbili za hotuba zinatosha kabisa kuua kilichokusudiwa kupandwa. Na taarifa ikiandikwa, huhesabu mashimo.

Tunapendekeza hesabu ya pili ifanywe Novemba, kiangazi cha kwanza kikishapita, kata kwa kata, ikitaja miche iliyo hai na kitalu ilikotoka. Orodha hiyo ibandikwe katika ofisi ya kila kijiji kabla ya miche mipya kugawiwa.