Je, Wajua? Waya Uliolegea Ndio Husumbua Gia

Je, wajua kwamba hadi kufikia mwaka 1937, Roger Lapébie aliposhinda mashindano ya baiskeli ya Tour de France, mabingwa wa mashindano hayo walikuwa wamekatazwa kutumia kile kifaa cha nyuma kiuhamishacho mnyororo, hata ikawalazimu kushuka penye mlima, wakalichomoa gurudumu na kuligeuza upande wenye meno mengi zaidi?

Kifaa hicho adhimu hata leo hulaumiwa bure, kwani mnyororo unapositasita kupanda juu ya gia kubwa, aghalabu ila haimo katika meno yake, wala katika zile skrubu mbili za mipaka, ambazo kazi yake ni kuuzuia mnyororo usiangukie kwenye spoki au upande wa fremu, bali imo katika waya uliolegea kwa kutumika. Basi inua gurudumu la nyuma, zungusha pedali kwa mkono, na ukitazama kutoka nyuma ukigeuze kile kijipipa waya unapoingilia, kinyume cha akrabu za saa, robo mzunguko kwa robo mzunguko, mpaka mnyororo uache kusita. Mnyororo ukisita kushuka kwenye gia ndogo, kigeuze upande wa pili. Tafadhali, msomaji, usiziguse skrubu kabla ya kuujaribu waya.