Fahamu: Kwa nini mwenye presha apime na sukari

Mgonjwa wa presha Gairo akiambiwa apime na sukari, asidhani anazungushwa. Insulini, homoni inayodhibiti sukari, huchochea mishipa ya damu itoe naitriki oksaidi, gesi inayoilegeza. Mwili ukiwa sugu kwa insulini, sukari hupanda na mishipa hukaza huku figo zikiendelea kubakiza chumvi. Nayo gesi yenyewe huharibiwa pale vimeng'enya kama supaoksaidi dismutasi vinapozidiwa na kemikali haribifu.

Basi si tumeze vitamini E, ambayo hupambana na kemikali hizo na hata mafuta ya alizeti yanayo? Hoja inavutia, na wauza virutubisho wanaijua. Lakini utafiti wa HOPE wa mwaka 2000, uliofuatilia watu zaidi ya 9,000, haukuona vidonge hivyo vikipunguza mshtuko wa moyo wala kiharusi. Ramipril, dawa ya presha iliyojaribiwa humohumo, ilivipunguza: yenyewe hubana homoni inayochochea kemikali hizo.