Banda la Ndege Ndogo kwa Gharama Nafuu: Fundisho kwa Vyama Vinavyotafuta Maghala

Chama chochote cha msingi kilichowahi kutafuta ghala la kupanga wakati wa msimu kinaifahamu taabu yake. Maghala mazuri yamekwisha kuchukuliwa, yaliyobaki yana kodi kubwa au yako mbali, na mazao hayawezi kungoja. Katika nchi ya Marekani taabu kama hiyo huwapata watu wenye ndege ndogo za binafsi, ambao hutafuta banda la kuziweka ndege zao na kulikosa kwa miaka.

Huenda msomaji akauliza mambo ya ndege yanawahusu nini wakulima wa pamba, kahawa au korosho. Yanawahusu kwa sababu wengi wa wenye ndege hao wamejaribu dawa ile ile ambayo wanaushirika huijaribu, yaani kuchanga fedha na kujenga kwa pamoja. Wako waliofaulu. Wako pia waliojenga majengo mazuri, kisha majengo hayo yakawa mali ya mwingine, bila ya wizi wala hila, kwa kuwa ndivyo mkataba wa ardhi ulivyosema tangu siku ya kwanza. Fundisho hilo lafaa kuzingatiwa na kila katibu kabla ya kuitisha mchango wa ujenzi.

Kwa nini ndege huhitaji banda

Ndege inayojulikana zaidi kati ya hizi ndogo ni Cessna 172, iliyoanza kuuzwa mwaka 1956. Zimekwisha kutengenezwa zaidi ya 44,000. Huchukua watu wanne, ina urefu wa zaidi ya meta 8, na mabawa yake hutandaa kiasi cha meta 11. Wenye ndege za namna hii si matajiri wote. Wako walimu, mafundi na wakulima, na wengi humiliki ndege zilizotengenezwa miaka mingi iliyopita. Mwaka 1978 viwanda vya Marekani vilitoa ndege ndogo 17,811. Kufikia mwaka 1994 idadi hiyo ilishuka hadi 928. Ndiyo maana nyingi ya zinazoruka leo ni kuukuu, na kitu kikuukuu huhitaji hifadhi zaidi.

Ndege isiyo na banda hufungwa nje kwa kamba au minyororo mahali patatu: chini ya kila bawa na chini ya mkia. Kodi yake ni ndogo, lakini hasara huja polepole. Jua huchubua rangi na kufifiza madirisha ya plastiki. Unyevu, hasa karibu na bahari, hula madini ya alumini. Mvua ya mawe ya dakika chache yaweza kutoboa au kubonyeza mabawa yote mawili. Viumbe wadogo nao hufanya viota ndani ya injini na katika matundu.

Jambo hilo la mwisho si dogo. Tarehe 6 Februari 1996 ndege kubwa ya abiria ya aina ya Boeing 757 ilianguka baharini karibu na Puerto Plata, katika Jamhuri ya Dominika, na watu wote 189 waliokuwamo wakafa. Ndege hiyo ilikuwa imekaa chini kwa siku nyingi bila ya kufunikwa mirija yake ya kupimia mwendo. Wachunguzi walisema kuwa mrija mmoja uliziba, na kwamba yaelekea ni nyigu waliojenga ndani yake. Hifadhi ya chombo, kama hifadhi ya zao, ni sehemu ya kazi yenyewe.

Chanzo cha uhaba

Viwanja vingi vidogo vya ndege huko Marekani ni mali ya miji au wilaya. Mabanda ya kawaida hujengwa kwa mstari mmoja mrefu, kila chumba kikiwa na umbo la herufi T: sehemu pana huyapokea mabawa, na sehemu nyembamba huupokea mkia. Vyumba hupangwa vikipeana migongo, mkia wa ndege moja ukiingia kati ya mikia ya ndege mbili za upande wa pili, ili nafasi isipotee.

Mengi ya mabanda hayo yalijengwa zamani, chuma na saruji vilipokuwa na bei ya chini, na kodi yake imebaki ndogo. Hapo ndipo uhaba unapozaliwa. Kwa kuwa kodi ni ndogo, hakuna mpangaji anayetaka kuondoka. Na kwa kuwa kodi hiyo haitoshi kulipia gharama za jengo jipya, mwenye uwanja huona afadhali asijenge. Matokeo yake ni orodha ya wanaongoja, ambayo katika viwanja vingi huchukua miaka. Bei ndogo inayompendeza aliyemo ndani ndiyo inayomzuia aliye nje.

Kuna sababu nyingine inayojulikana vizuri kwa wakaguzi wa ushirika. Baadhi ya wapangaji waliyageuza mabanda kuwa stoo za samani, mashua na magari, huku wenye ndege wakingoja nje. Mwaka 2016 idara ya serikali kuu ya Marekani inayosimamia usafiri wa anga ilitoa mwongozo, ulioanza kutumika tarehe 1 Julai 2017, kwamba katika viwanja vilivyopata msaada wa fedha za serikali hiyo, banda ni kwa ajili ya shughuli za ndege. Vitu vingine vyaweza kuwekwa, lakini visiizuie ndege kukaa wala kutoka. Kuunda ndege kwa mkono nako kulihesabiwa kuwa shughuli halali ya banda.

Njia za kupunguza gharama

Njia ya kwanza ni kwenda kiwanjani mwenyewe na kuuliza. Nafasi nyingi nafuu hazitangazwi. Hupatikana kwa kuzungumza na mafundi, walinzi wa uwanja na wapangaji wa zamani. Mtu mwenye busara huandikisha jina lake katika viwanja vitatu au vinne kwa wakati mmoja, na kila mwaka huhakikisha kwamba jina bado limo.

Njia ya pili ni kusogea mbali na mji. Kodi hupungua kadiri mtu anavyokwenda shamba, lakini gharama ya mafuta ya gari na saa za safari lazima ziingizwe katika hesabu. Banda la bei nusu lililo mbali mno laweza kuwa ghali kuliko la karibu.

Njia ya tatu ni kushiriki banda kubwa moja lenye kuchukua ndege kadhaa. Kodi hugawanywa, lakini ili kutoa ndege ya nyuma sharti kwanza zisogezwe za mbele, na hapo mabawa hugongana. Wanaoshiriki hivyo hupatana mapema, kwa maandishi, nani ana ruhusa ya kusogeza chombo cha mwenzake, na hasara ikitokea italipwa na bima ya nani.

Njia ya nne ni kuridhika na paa peke yake, bila ya kuta wala mlango. Paa huzuia jua na mvua ya mawe, ingawa halizuii upepo wala vumbi. Njia ya tano ni watu kadhaa kumiliki ndege moja, kwa kuwa ndege moja huhitaji nafasi moja tu, na kodi yake hugawanywa kwa wote.

Kujenga kwa pamoja, na hesabu yake

Pale ambapo njia hizo hazikutosha, wenye ndege huungana, hukodi kipande cha ardhi ndani ya kiwanja na kujenga mabanda kwa fedha zao. Hesabu ifuatayo si bei ya mahali fulani. Imewekwa hapa kwa mfano tu.

Tuseme watu 10 wanajenga vyumba 10 kwa dola 400,000. Kila mmoja ametoa dola 40,000. Mkataba wa ardhi ni wa miaka 25. Tukiligawanya jengo kwa miaka hiyo, kila mwanachama anatumia dola 1,600 kwa mwaka. Kodi ya ardhi, bima, ushuru na matengenezo tuseme ni dola 1,400. Jumla ni dola 3,000 kwa mwaka, yaani dola 250 kwa mwezi. Kama chumba cha kupanga katika eneo hilo ni dola 400, wajenzi wamefanya jambo la busara.

Sasa tuangalie mwaka wa 15. Mwanachama mmoja anahama na anauza chumba chake kwa dola 40,000 zile zile, akisema kwamba jengo bado ni imara. Mnunuzi anaona mabati mazuri na mlango mzuri, naye analipa. Lakini imebaki miaka 10 tu. Fedha zake zitagawanywa kwa miaka 10, yaani dola 4,000 kwa mwaka. Ukijumlisha na zile 1,400 anatumia dola 5,400 kwa mwaka, ambazo ni dola 450 kwa mwezi. Amenunua hasara. Bei ya haki kwa hesabu ya miaka iliyobaki ingekuwa dola 16,000. Alichokinunua hasa ni miaka. Mabati na mlango ni nyongeza.

Ardhi ya kukodi na jengo la kujengwa

Katika viwanja vya umma huko Marekani, ardhi kwa kawaida haiuzwi, hukodishwa. Mikataba mingi ina kifungu kisemacho kwamba muda ukiisha, jengo lililo juu ya ardhi hiyo huwa mali ya mwenye kiwanja bila ya malipo. Mjenzi akitaka kuendelea kukaa, hulipa kodi ya jengo alilolijenga mwenyewe. Kiwanja kilichopokea msaada wa serikali kuu hutakiwa kujitahidi kujitegemea kwa mapato yake; kwa hiyo mwenye kiwanja hawezi kirahisi kusamehe haki hiyo kwa sababu ya urafiki au huruma.

Tena, kiwanja chenyewe chaweza kufungwa. Katika mji wa Chicago kulikuwa na kiwanja kiitwacho Meigs Field, kando ya Ziwa Michigan, kilichofunguliwa mwaka 1948. Ardhi yake ilikuwa ya idara ya bustani za mji, nayo ilikodishwa kwa muda maalumu. Muda huo ulipokwisha mwaka 1996, kiwanja kilifungwa, kikafunguliwa tena mwaka 1997 baada ya mapatano na serikali ya jimbo la Illinois. Kisha, usiku wa kuamkia tarehe 31 Machi 2003, kwa amri ya Meya Richard M. Daley, matingatinga yaliingia na kuchimba alama kubwa za X katika njia ya kurukia. Ndege 16 zilikutwa zimekwama, na baadaye ziliruhusiwa kuondoka kwa kurukia katika njia ya pembeni.

Yanayopasa kuangaliwa na katibu

Mambo hayo yanafanana kabisa na yale ya chama kinachotaka kujenga ghala juu ya ardhi ya kukodi, iwe ya kijiji, ya halmashauri au ya mtu binafsi. Kabla ya shilingi ya kwanza kuchangwa, katibu na wajumbe wa halmashauri wapate majibu ya maswali yafuatayo, na majibu yawe ya maandishi:

1. Ardhi ni ya nani kwa hati, na anayetia sahihi ana mamlaka ya kuikodisha?

2. Mkataba ni wa miaka mingapi, na chama kina haki ya kuuendeleza au ni ahadi ya mdomo tu?

3. Muda ukiisha, jengo litakuwa la nani? Chama kitaruhusiwa kuondoa mabati, milango na mizani?

4. Kodi ya ardhi itaongezwa lini na kwa kipimo gani?

5. Mwanachama akijitoa au akifariki, mchango wake utathaminiwaje? Hesabu ifuate miaka iliyobaki.

6. Kuna mfuko wa matengenezo unaowekewa fedha kila mwaka, hata mwaka ambao hakuna kilichoharibika?

7. Nani ana ufunguo, na ni vitu gani visivyoruhusiwa kuwekwa ndani? Ghala la wanachama lisiwe stoo ya mjumbe mmoja.

Mkataba usomwe wote mbele ya mkutano mkuu, kifungu kwa kifungu, na tarehe ya mwisho wake iandikwe katika kitabu cha mihtasari na katika daftari la mali. Kila mwaka hesabu zinapofungwa, thamani ya jengo ipunguzwe kwa kadiri ya muda uliokwisha, ili wanachama wasidanganywe na tarakimu kubwa isiyokuwapo.

Ikiwa majibu hayaridhishi, kupanga si aibu. Wale waanzilishi 28 wa Rochdale, Uingereza, walipofungua duka lao tarehe 21 Desemba 1844, walianzia katika orofa ya chini ya ghala la kupanga katika mtaa wa Toad Lane. Chama kikipanga kwa mwaka mmoja zaidi, hasara yake ni kodi ya mwaka huo. Kikijenga bila ya kuusoma mkataba, hasara yake ni jengo zima pamoja na imani ya wanachama, ambayo haijengwi tena kwa mchango. Wahenga walisema: mali bila daftari huisha bila habari. Na mkataba wa ardhi ndio ukurasa wa kwanza wa daftari hilo.