Misitu ya Mialoni (Sehemu ya Pili): Akiba Iliyo Chini ya Kisiki

Juma lililopita tuliuacha msitu wa mialoni umekatwa wote, visiki vimebaki juani. Leo tufukue chini yake.

Mwaloni ukikatwa haufi mara moja. Kama muhogo, mizizi yake huweka wanga, chakula kilichotengenezwa na majani miaka iliyopita. Msumeno unapopita, vimeng'enya huuvunja wanga huo uwe sukari, nayo hulisha macho yaliyolala chini ya gome la kisiki. Ndiyo maana chipukizi la kisiki hukua upesi kuliko mche: mche umeanza na akiba ya kokwa moja tu, chipukizi lina mizizi ya mti mzima. Katika miezi ya kwanza baada ya kukatwa wanga hupungua, mpaka majani mapya yakomae na kuanza kuujaza upya. Msitu ukikatwa au kuchomwa tena na tena kabla ya hapo, mizizi hudhoofika, mingine hufa. Naona hapa ndipo wengi tunapokosea: tunahesabu machipukizi, hatuulizi yanakula nini.

Udongo nao hubadilika. Jua huupasha joto, mizizi myembamba iliyokufa huoza, na nitrojeni iliyokuwa ndani yake hugeuka naitreti, chumvi inayochukuliwa upesi na maji. Mfano ni huu: katika milima ya North Carolina, Marekani, kipo kituo cha utafiti cha Coweeta, kilichoanzishwa mwaka 1934. Bonde lake namba 7, lenye hekta 59, lilikatwa miti mwaka 1977. Kati ya mialoni iliyochipua ukasitawi mrobinia, mti wa jamii ya kunde. Ndani ya vinundu vya mizizi yake huishi bakteria wanaonasa nitrojeni ya hewani, kwa hiyo bonde lililopoteza mbolea likawa pia linatengenezewa nyingine.

Mwaloni hauna vinundu. Ncha za mizizi yake huvikwa kuvu, ambao hupewa sukari na kuuletea mti nitrojeni na fosforasi. Mizizi yake ina lignini, kinachoupa ubao ugumu, na tanini kwa wingi. Tanini hushikamana na protini, hivyo mzizi ukifa huoza polepole na kuachia nitrojeni yake kidogo kidogo.

Huko Coweeta majani yalirudi baada ya miaka michache. Lakini zaidi ya miaka 20 baada ya kukatwa, kijito cha bonde namba 7 kilikuwa bado kinabeba naitreti nyingi kuliko kijito cha bonde jirani ambalo halikuguswa.