MNYONGE AMWANGUSHA BINGWA

Ndugu msomaji, mpira wa miguu unaujua. Lakini je, umepata kuuona mchezo wa raga? Wenzetu wa Kenya na Uganda huucheza. Leo tunakuletea habari ya mchezo mmoja wa raga uliochezwa tarehe 19 Septemba, 2015, katika mji wa Brighton, nchini Uingereza. Siku hiyo Japani ilikutana na Afrika Kusini katika mashindano ya Kombe la Dunia.

Kwanza uelewe raga yenyewe. Kila timu ina watu 15. Mpira wake una umbo la yai. Mchezaji huushika kwa mikono na kukimbia nao. Haruhusiwi kumrushia mwenzake aliye mbele. Wapinzani humkamata na kumwangusha, na hilo si kosa. Akifika nyuma ya mstari wa mwisho wa wapinzani na kuugusisha mpira ardhini, timu yake hupata pointi 5. Hiyo huitwa trai. Kisha hupiga mpira kwa mguu upite kati ya milingoti miwili ya goli, nao ukipita huongezwa pointi 2. Wapinzani wakifanya kosa kubwa, timu inaweza kupiga adhabu golini na kupata pointi 3. Usizisahau hizo pointi 3.

Sasa twende Brighton. Afrika Kusini ilikuwa imekwisha kulitwaa Kombe la Dunia mara mbili, mwaka 1995 na mwaka 2007. Tena mashindano mawili ya kwanza haikuruhusiwa kucheza, kwa sababu ya siasa yake ya ubaguzi wa rangi. Japani ilihudhuria mashindano yote saba yaliyotangulia, lakini ilishinda mchezo mmoja tu, dhidi ya Zimbabwe mwaka 1991. Mwaka 1995 New Zealand iliifunga Japani pointi 145 kwa 17! Nani angedhani kwamba timu hiyo itamshinda bingwa?

Hata kwa miili hawakulingana. Fumiaki Tanaka wa Japani ana urefu wa sentimita 166. Victor Matfield wa Afrika Kusini ana sentimita 201. Basi mwalimu wa Japani, Eddie Jones kutoka Australia, aliwafundisha vijana wake kucheza upesi na kuwakamata wapinzani chini, miguuni. Mtu mrefu ukimshika miguu, urefu wake haumsaidii. Aliwaamsha mapema, na saa 11 alfajiri walikuwa mazoezini.

Mchezo ulikuwa mkali. Kipindi cha kwanza kilikwisha Afrika Kusini ikiongoza kwa 12 kwa 10. Katika kipindi cha pili, kila Afrika Kusini ilipotangulia, Japani iliifikia. Ikawa 19 kwa 19, kisha 22 kwa 22. Afrika Kusini ikapata trai nyingine, ikawa 29 kwa 22. Watu wakadhani mambo yamekwisha. Lakini Ayumu Goromaru wa Japani akapata trai, tena akapiga mpira ukapita golini. Ikawa 29 kwa 29. Zikiwa zimebaki dakika chache, Afrika Kusini ikapata adhabu, ikaamua kupiga golini. Ikawa 32 kwa 29.

Japani wakaenda mbele kwa nguvu zao zote, mpaka karibu kabisa na mstari. Mchezaji mmoja wa Afrika Kusini akatolewa nje kwa kadi ya manjano. Ndipo Japani wakapewa adhabu. Wangeipiga golini wangepata pointi 3, na mchezo ungekuwa sare, 32 kwa 32. Kutoka sare na Afrika Kusini ingekuwa sifa kubwa kwao. Mwalimu Jones mwenyewe alitaka wapige. Wakikataa na kuupoteza mpira, wanashindwa.

Kapteni wao, Michael Leitch, alikataa. Leitch alizaliwa New Zealand, akaenda Japani kusoma akiwa na miaka 15. Alichagua skramu. Katika skramu, watu 8 wa kila upande huinama, hushikana na kusukumana kama mafahali, na mpira hutiwa katikati. Watazamaji, ambao walizidi 29,000, walipiga kelele za furaha.

Dakika 80 zilikwisha. Lakini katika raga mchezo hausimami mpaka mpira utoke au kosa lifanyike. Japani hawakuuachia. Waliupeleka kulia, wakaurudisha kushoto. Amanaki Mafi akamrushia Karne Hesketh, aliyekuwa ameingia muda mfupi tu uliopita. Hesketh akakimbia, akajitupa pembeni mwa uwanja. Trai!

Chukua kalamu, ujumlishe mwenyewe. Japani walipata trai 3, mipira 2 ya baada ya trai, na adhabu 5. Utapata 34. Afrika Kusini walibaki na 32. Pointi 24 kati ya hizo za Japani zilikuwa za Goromaru peke yake.

Siku nne baadaye Uskoti iliifunga Japani 45 kwa 10. Kisha Japani ikazifunga Samoa na Marekani, lakini haikuingia robo fainali, ingawa ilishinda michezo mitatu kati ya minne. Afrika Kusini ilimaliza ya tatu. Mwaka 2019 zilikutana tena, safari hii huko huko Japani, katika robo fainali. Afrika Kusini ilishinda 26 kwa 3, ikaendelea mpaka ikalichukua kombe.