Ukiuza Hisa Mapema, KRA Inakudai Nini?

Bonasi ya majani chai ikilipwa Mathira, baadhi ya pesa hizo huishia Soko la Hisa la Nairobi. Bei ikipanda kidogo, mwenye hisa huuza upesi, kisha anaanza kujiuliza kuhusu ushuru. Hapa Karatina nimesikia mara nyingi kwamba anayeuza kabla ya mwaka kwisha hukatwa zaidi. Kawaida habari hiyo imetoka kwa jamaa aliye Marekani, na kwa kule ni kweli: hisa iliyokaa mwaka mmoja au chini ya hapo, faida yake hutozwa kama mapato ya kawaida, ikipita mwaka, kiwango hushuka. Kenya haina kalenda hiyo. Sheria yetu ya Ushuru wa Mapato haihesabu siku ulizokaa na hisa. Inaangalia ni hisa za aina gani, na kama kuziuza ndiyo kazi yako.

Ushuru wa faida ya mtaji uliingia Kenya mwaka 1975, ukasimamishwa 1985, ukarudishwa Januari 2015 kwa asilimia 5. Ndiyo sababu waliopata hisa za KenGen mwaka 2006 kwa shilingi 11.90, wakaziuza bei iliporuka zilipoingia sokoni, hawakudaiwa senti. Mwaka 2015 hisa za sokoni nazo zilinaswa. Madalali wakapiga kelele, na kwa maoni yangu walikuwa na hoja: dalali atajuaje mteja alinunua kwa bei gani miaka mingi iliyopita, kupitia dalali mwingine? Bunge likasikia. Tangu Januari 2016 faida ya hisa zilizoorodheshwa imesamehewa, na hata kiwango kilipopandishwa hadi asilimia 15 mwaka 2023, msamaha huo haukuguswa.

Tuchukue mfano. Umenunua hisa 10,000 kwa shilingi 15, ukaziuza kwa 17. Faida ni shilingi 20,000. Tuseme kamisheni na ada nyingine ni asilimia 2 kila upande: 3,000 ukinunua, 3,400 ukiuza. Unabaki na 13,600, na ushuru wa faida ya mtaji ni sufuri. Kwa muuzaji wa harakaharaka, basi, anayekula faida ni dalali kuliko serikali, na hula hata pale ulipopata hasara.

Hisa za kampuni isiyo sokoni zina hesabu nyingine. Wakulima wengi wa huku wana hisa katika kampuni za viwanda vya chai, kama Ragati, na hizo haziuzwi Soko la Hisa. Ukimuuzia mwenzako hisa za namna hiyo, au za kampuni ya ploti mliyoanzisha na marafiki, faida ile ile ya 13,600 inadaiwa asilimia 15, yaani shilingi 2,040. Hata ukiwa umekaa nazo miaka thelathini.

Sasa tuje kwa anayenunua asubuhi na kuuza jioni, jambo ambalo soko la Nairobi lilirahisisha Novemba 2021 kwa kuruhusu rasmi biashara ya siku moja. Msamaha niliotaja unahusu faida ya mtaji. Haumfuniki mtu ambaye hisa kwake ni bidhaa, kama vile nyanya zilivyo kwa mchuuzi wa soko la Karatina. Sheria inahesabu kuwa biashara hata shughuli moja yenye sura ya biashara. Hakuna idadi ya mauzo inayokuvusha mpaka. Huangaliwa unauza mara ngapi, kama ulikopa ili ununue, na nia yako siku uliponunua: ulitaka gawio au ulitaka kuuza tu? (Gawio lenyewe hukatwa asilimia 5 kwa mkazi, na hapo limemalizana na KRA.) Ukionekana mfanyabiashara, faida inaunganishwa na mapato yako mengine na kutozwa kati ya asilimia 10 na 35, na unaitangaza kwenye iTax kabla ya Juni 30 mwaka unaofuata.

Wengi huogopa sura hiyo, ila ina upande wake mzuri. Mfanyabiashara huondoa gharama zake, ikiwemo riba ya mkopo, na hasara ya mauzo huhesabiwa. Aliyejificha chini ya msamaha hasara yake haimpunguzii ushuru popote. Lisilowezekana ni kuwa mwekezaji mwaka wa faida na mfanyabiashara mwaka wa hasara.