Mutunya: Sauti ya Walio Chini katika Kumbukumbu za Ugogo

Mwaka 1988 Gayatri Spivak aliuliza iwapo walio chini wanaweza kusema. Swali hilo aghalabu hufasiriwa kana kwamba linahusu ububu. Sivyo. Walio chini husema kila siku. Hoja ni kwamba usemi haukamiliki pasipo msikilizaji, na wenye mamlaka ndio wanaoamua kipi kihesabiwe kuwa usemi. Dhana yenyewe ilitoka kwa Antonio Gramsci, kabla ya Ranajit Guha na wenzake kuitumia, kuanzia mwaka 1982, katika kuiandika upya historia ya wakulima wa India.

Hatuna haja ya kwenda India. Kati ya mwaka 1917 na 1920 nchi ya Ugogo, ambamo Bahi imo, ilikumbwa na njaa ambayo Wagogo waliiita Mutunya. Mwanahistoria Gregory Maddox, katika makala yake ya mwaka 1990, anaeleza kwamba walikufa watu wapatao 30,000 kati ya 150,000 wa eneo hilo. Mvua zilikosekana, ni kweli. Lakini majeshi ya Wajerumani, na kisha ya Waingereza walioiteka Dodoma Julai 1916, yalikuwa yamekwisha kuchukua nafaka, ng'ombe na wanaume wa kubeba mizigo. Maddox hulifasiri jina Mutunya kuwa ni kinyang'anyiro. Neno "ukame" halina mtenda. Anayelitumia hana wa kumdai. "Kinyang'anyiro" humwingiza binadamu katika tendo, nasi hatuna budi kuuliza nani alinyang'anya nini.

Lipo jambo jingine, ambalo sisi wa taaluma ya Kiswahili hatupendi kulisikia. Mathias Mnyampala, Mgogo na mshairi mashuhuri, alichapisha historia ya Wagogo mwaka 1954 kwa Kiswahili. Tafsiri yake ya Kiingereza ilitoka mwaka 1995. Kazi hiyo ni hazina. Hata hivyo, Chigogo kiliingia maktabani kwa kupitia lugha nyingine. Tumezoea kukitetea Kiswahili kama mnyonge mbele ya Kiingereza, na tuna haki. Lakini kwa bibi kizee wa Bahi asiyejua ila Chigogo, Kiswahili ndiyo lugha ya karani, ya shule na ya mahakama. Mtafiti akimrekodi akitamka "Mutunya", kisha akaandika "njaa" tu katika tafsiri yake, amekwisha kumfuta mtuhumiwa.